Vita vya Dunia Vilipita Kwetu: Mbona Twavisoma Kama vya Wageni?

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Methali hii sote tunaijua, na tumeitungia insha tangu shule ya msingi. Lakini hebu mwulize mwanafunzi yeyote wa hapa Garissa akutajie nyasi zilizoumia katika vita vya dunia. Atakutajia Poland. Atakutajia Ufaransa na Hiroshima. Wajir hataitaja, wala Moyale, wala El Wak. Ni kana kwamba vita vile vilipiganwa mwezini, na sisi tunavisoma ili tupate alama tu.

Ndugu msomaji, kule Accra, mji mkuu wa Ghana, kuna uwanja wa michezo ambao jina lake ni El Wak. Ndiyo, El Wak hii hii yetu ya Mandera, iliyo mpakani. Askari wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, walipigana pale mwezi wa Desemba 1940, na waliporudi kwao hawakulisahau jina hilo. Vijana wa Accra hucheza mpira uwanjani El Wak, na sisi tulio jirani na El Wak yenyewe hatujui walikumbuka nini! Jambo hili linanikera, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Maoni yangu ni mawili. La kwanza, vita vya dunia ni historia yetu, si ya Wazungu peke yao. La pili, ambalo ndilo kubwa zaidi, ni kwamba vita hivyo vinatufundisha kitu kimoja juu ya amani: amani inayoandikwa mbali, bila wenyewe kuketi kikaoni, huzaa vita vingine. Naomba mnivumilie nieleze tangu mwanzo.

Vita vya Kwanza vilianza mwaka 1914. Tarehe 28 Juni mwaka huo, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, aliuawa kwa risasi mjini Sarajevo. Mwezi mmoja baadaye Austria ikatangaza vita juu ya Serbia. Urusi ikasimama na Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria, Ufaransa na Uingereza nazo zikaingia. Kwa nini mauaji ya mtu mmoja yalete balaa kubwa hivyo? Kwa sababu mataifa yale yalikuwa yamekula viapo vya kusaidiana, yakalimbikiza silaha, na yalikuwa yakioneana wivu juu ya makoloni na biashara.

Sisi wa huku hatuhitaji mwalimu atueleze sana jambo hilo. Tunajua maana ya ukoo. Akiguswa mmoja, wote wameguswa. Lakini wazee wetu walikuwa na dawa yake. Mtu akiuawa, wazee wa pande mbili huketi chini ya mti, huzungumza hata siku nyingi, na mwisho hutolewa diya. Kwa desturi diya ya mwanamume ni ngamia mia. Ni mali nyingi, na hulipwa na ukoo mzima, kwa hivyo kila mtu humchunga mwenzake asilete matata. Mwezi wa Julai 1914, wafalme na mawaziri wa Ulaya walipelekeana simu za upepo na barua za vitisho, lakini hawakuketi chini ya mti. Matokeo yake mamilioni ya watu walikufa.

Je, vita hivyo vilitufikia? Vilitufikia sana. Huku Afrika Mashariki Waingereza walimfukuza jemadari Mjerumani, von Lettow-Vorbeck, tangu Tanganyika hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kutulia. Wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariokor kule Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam ni ukumbusho wao. Na kando ya mto Juba, mwaka 1916, Waaulihan waliiteka kambi ya Serenli na kumwua ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akiisimamia. Serikali ilikuwa imeshughulika na Wajerumani, ikachukua muda mrefu kabla ya kurudi huko.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Wakati ule mpaka haukuwa Liboi. Mpaka wa Waingereza na Wataliano ulikuwa mto Juba wenyewe. Kismayu na Afmadu zilikuwa upande mmoja na Garissa. Lakini mwezi wa Aprili 1915, kwa mkataba wa siri uliotiwa sahihi London, Uingereza na wenzake waliiahidi Italia kwamba ikiingia vitani upande wao itafikiriwa kupewa ardhi Afrika. Italia ikaingia. Vita vilipokwisha ikaja kudai deni lake. Mwaka 1924 mkataba ukaandikwa, na mwaka 1925 Jubaland ikakabidhiwa kwa Italia. Ng'ombe, visima, makaburi ya mababu na watu wake, vyote vikaenda kama bakshishi. Hakuna mzee hata mmoja wa Jubaland aliyeulizwa. Basi ule mstari wa mpaka tunaouona kwenye ramani ya Kenya, unaoteremka kutoka Mandera na kupita El Wak na Liboi, ni risiti ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu na binamu yake walilala nchi moja wakaamka nchi mbili.

Ulaya nako amani iliandikwa kwa namna hiyo hiyo. Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919. Ujerumani haikuitwa kujadiliana, ililetewa karatasi iweke sahihi. Ikabebeshwa lawama, ikanyang'anywa makoloni, na mwaka 1921 ikapigiwa hesabu ya fidia ya mark za dhahabu bilioni 132. Sisemi kwamba Ujerumani haikuwa na makosa. Ninachosema ni kwamba diya iliyoamriwa huku upande mmoja umefungiwa mlango si suluhu. Ni kisasi kilichovaa kanzu. Uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka 1929 na watu wakakosa kazi, Hitler akapata masikio ya kumsikiliza. Januari 1933 akashika serikali. Mussolini alikuwa ameshika Italia tangu mwaka 1922, naye akinung'unika kwamba nchi yake ilipunjwa katika kugawana.

Vitabu vinatuambia Vita vya Pili vilianza tarehe 1 Septemba 1939, Hitler alipovamia Poland. Kwa mtihani, wenzangu, andikeni hivyo hivyo! Lakini kwa watu wa pembe hii ya Afrika, vita vilianzia kisimani. Kule Ogaden kuna mahali paitwapo Walwal penye visima vingi vya wafugaji. Wataliano walijenga ngome pale, ndani ya ardhi ya Ethiopia. Tarehe 5 Desemba 1934 risasi zikalia baina ya askari wa Ethiopia na askari wa Italia, ambao wengi wao walikuwa Wasomali waliovishwa sare za Mtaliano. Mussolini akaipata sababu aliyokuwa akiitafuta. Tarehe 3 Oktoba 1935 akaivamia Ethiopia kwa ndege, vifaru na gesi ya sumu, na tarehe 5 Mei 1936 majeshi yake yakaingia Addis Ababa.

Na ule Umoja wa Mataifa wa zamani, uliokuwa Geneva, ulifanya nini? Uliiwekea Italia vikwazo lakini ukasahau mafuta, na mafuta ndiyo yaliyoendesha ndege na malori yake. Mfereji wa Suez nao haukufungwa. Haile Selassie alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 akaomba msaada. Akasikilizwa, kisha basi. Hitler alikuwa akitazama. Mwizi akimwona mwenzake ameiba mchana na hakuna aliyepiga yowe, naye hataogopa.

Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza tarehe 10 Juni 1940, na hapo ndipo wilaya yetu ya mpakani ilipogeuka kuwa uwanja wa vita. Mwezi huo huo ndege za Kitaliano zilipiga mabomu Wajir. Mwezi wa Julai Wataliano waliizingira Moyale mpaka keya wakaondoka usiku. (Keya ndilo jina ambalo Waswahili walilitoa katika zile herufi tatu za jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, K.A.R.) Ardhi ya Kenya ikawa chini ya bendera ya Mussolini. Wangapi kati yetu tulijua?

Mto Tana ukawa kama boma. Garissa na Bura zikawa vituo vya kukusanya majeshi, mafuta na maji. Walikuja hapa askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Nigeria, Gold Coast na Afrika Kusini. Tarehe 16 Desemba 1940 wakaishambulia El Wak na kuitwaa. Jenerali Cunningham alikuwa ameazimia kungoja mvua za masika zipite ndipo avuke mpaka, lakini akabadili shauri akatoka mwezi wa Februari 1941. Afmadu ilianguka tarehe 11 Februari, Kismayu tarehe 14, na Mogadishu tarehe 25. Tarehe 6 Aprili wakawa Addis Ababa. Hesabu mwenyewe: hazikutimia siku 60. Haile Selassie akarejea mjini mwake tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu Wataliano walipouingia. Mabaki ya jeshi la Italia yalisalimu amri huko Gondar mwezi wa Novemba mwaka huo. Mkuu wao, Duke wa Aosta, alikufa mfungwa Nairobi mwaka 1942, akazikwa Nyeri.

Hiyo ni miongoni mwa shabaha za kwanza kubwa zilizopigwa dhidi ya Hitler na marafiki zake, na ilianzia katika vumbi hili letu tunalolikanyaga kila asubuhi tukija shule. Kisha keya wakapelekwa Madagaska mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na Wajapani katika Bahari ya Hindi. Watu karibu 1,300 walikufa, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Na katika nyingi ya kambi hizo lugha ya amri ilikuwa Kiswahili! Mnyasa, Mkamba, Mganda na Msomali walielewana kwa lugha hii tunayoitetea sisi wa Chama cha Kiswahili. Hata Shaaban Robert aliona vita hivyo vinastahili utenzi mzima, akatunga Utenzi wa Vita vya Uhuru.

Ujerumani ilishindwa mwezi wa Mei 1945. Marekani ikaangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki tarehe 6 na 9 Agosti, na tarehe 2 Septemba Japani ikatia sahihi ya kushindwa. Zaidi ya watu milioni 50 walikuwa wamekwisha kufa. Dunia ikashangilia, Umoja wa Mataifa mpya ukaundwa, vitabu vikafungwa.

Lakini kwetu, jamani, kitabu hakikufungwa. Baada ya kuwafukuza Wataliano, Waingereza walijikuta wakitawala karibu nchi zote za Wasomali. Mwaka 1946 waziri wao Bevin akapendekeza ziwekwe pamoja chini ya udhamini. Wakubwa wengine wakakataa. Mwaka 1949 Umoja wa Mataifa ukaamua kwamba Somalia iliyokuwa ya Italia irudishwe mikononi mwa Italia hiyo hiyo, iisimamie kwa miaka kumi. Yaani aliyefukuzwa kwa damu ya Waafrika akarudishwa kwa kura ya mkutano! Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume kuuliza maoni ya watu wa NFD. Mara hii waliulizwa kweli, na wengi wakasema wanataka kuungana na Somalia. Machi 1963 ikatangazwa kwamba watakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Kuulizwa kisha jibu lako likatupwa, nadhani huuma kuliko kutoulizwa kabisa.

Yaliyofuata tunayajua majumbani mwetu hata kama hayasemwi kwa sauti. Vita vya Shifta vilianza mwaka 1963. Wafugaji walikusanywa kambini, mifugo ikaangamia, askari na raia wakafa. Mapatano yalifikiwa Arusha mwezi wa Oktoba 1967, kwa msaada wa Rais Kaunda wa Zambia. Hata hivyo sheria za hali ya hatari zilibaki juu ya mkoa huu hadi mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali walifanyiwa ukaguzi wao peke yao kuthibitisha ni raia. Ukaguzi wa ziada wa vitambulisho uliendelea miaka mingi, mpaka mapema mwaka 2025 Rais William Ruto alipotangaza kuuondoa. Mimi nina miaka kumi na sita. Baada ya miaka miwili nitakwenda kuomba kitambulisho. Nikiulizwa babu yangu alivuka mpaka lini, nitajibu kwa adabu kwamba babu hakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliomvuka babu, mwaka 1925, na ulikuwa malipo ya vita vya watu wengine.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Unachokonoa kidonda cha zamani." Nawajibu kuwa kidonda kisichosafishwa hakiponi, hunuka chini ya kitambaa. Wa pili watasema eti nataka mipaka ivunjwe. Hapana! Mwaka 1964, kule Cairo, viongozi wa Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, ingawa Somalia haikukubali. Naona walikuwa na hekima, kwani tukianza kuchora upya hatutamaliza. Mimi ni Mkenya na najivunia. Ninalotaka ni kwamba anayeishi karibu na mstari asitiliwe shaka kwa sababu ya mstari ambao hakuuchora. Wa tatu watasema, "Vita pia vilileta barabara na viwanja vya ndege." Kweli vilileta. Lakini barabara ile ilitengenezwa ili mizinga ipite, si ili mgonjwa afike hospitali.

Tena wapo wenzetu wanaomsifu Hitler uwanjani wakati wa mapumziko, ati alikuwa mwanamume kweli. Hawa nawauliza: mbona mwanamume huyo alijiua, akawaachia wanawake na watoto kuchimba vifusi?

Sasa linganisheni na haya. Mwaka 1992 na 1993 koo za Wajir zilikuwa zikiuana. Haukuja mkutano kutoka London wala Geneva. Walioanza ni akina mama sokoni, mmoja wao marehemu Dekha Ibrahim Abdi. Walikubaliana kwanza kwamba sokoni kila mwanamke auze na kununua bila kuulizwa ukoo wake. Halafu wakawafuata wazee, kisha vijana, kisha serikali. Mwisho wazee wakaketi, wakapatana. Dunia iliona, na mwaka 2007 Dekha akapewa tuzo ya Right Livelihood kule Sweden. Sisemi kwamba hapakutokea matata tena, maana ukame na siasa havijaisha. Lakini amani ile ilikuwa na wenyewe wa kuilinda. Ya Versailles ilidumu miaka 20 tu, kwa kuwa aliyepaswa kuilinda ndiye aliyekuwa na hamu ya kuivunja.

Wasomali tuna msemo kwamba amani ni maziwa, na vita ni ukame. Maziwa hayanyeshi kama mvua. Ni lazima mtu aamke alfajiri akame, tena kila siku.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, walimu wetu wapendwa wa Historia, mkifika kwenye vita vya dunia tafadhali tundikeni ubaoni ramani ya Tana na Juba kando ya ile ya Ulaya. Haitachukua hata kipindi kimoja. Pili, Chama chetu cha Kiswahili kianze kukusanya maneno ya wazee. Aliyekuwa mtoto wa miaka minane Wajir ilipopigwa mabomu leo amepita tisini. Tumwulize kwa Kisomali, tuandike kwa Kiswahili, tuchapishe katika gazeti hili mwaka ujao. Tukichelewa tutahojiana na makaburi. Tatu, sisi wenyewe darasani tuache ile tabia ya kugombana kisha kungoja mwalimu wa zamu aamue. Tuketi, wa huku na wa kule, tusikilizane mpaka tumalize. Tukishindwa kumaliza ugomvi wa dawati, tutaweza kumaliza ugomvi wa kisima?

Waliokufa El Wak hawawezi kutudai chochote. Vijana wa Ghana wameshawalipa kwa jina la uwanja. Sisi ambao walifia mlangoni petu bado tunadaiwa, na deni lenyewe si kubwa: tuwajue, na tusirudie.

Mwanachama wa Kidato cha Tatu